Mbiu, mkeka au mwili: ushike nadharia ipi ukitaka kujua kama fahamu ipo

Mwaka juzi baba mdogo alidondoka kutoka juu ya paa akiwa anabadilisha bati lililokuwa linavuja, akagonga kichwa kwenye ukingo wa saruji, na siku 11 alilala chumba cha wagonjwa mahututi bila kufumbua jicho. Kila asubuhi nesi alikuwa anakuja na kalamu yake, anamwita jina kwa sauti ya juu karibu na sikio, kimya, basi anailaza kalamu juu ya ukucha wa kidole chake anabana kwa nguvu huku anaangalia kama mkono utajivuta, anafunua kope, anaandika namba. Sita. Kesho yake sita tena. Siku ya nne ikawa saba, sisi huku nje tukakumbatiana kama tumefunga goli dakika ya tisini. Ndo nikajua kuna kipimo cha fahamu kinaitwa Glasgow, kipo tangu 1974, kinaanzia 3 mpaka 15, macho yana alama 4, kuongea 5, viungo kujongea 6, na mgonjwa mwenye mpira kooni hapo kwenye kuongea hana chake, anaandikiwa moja tu.

Sasa mabishano yalianzia pale koridoni. Mdogo wangu, mtoto wa kwanza wa baba mdogo, kazi yake ni kuandika programu, akaniambia, "Kaka, baba ni kama seva imezima. Hadiwea ipo, softiwea ndo hairani. Tusubiri iwake." Mama mdogo alisikia, akamgeukia palepale: "Huyu yupo. Anasikia. Maneno hayo msiyaseme mbele yake." Halafu akarudi kumpaka mafuta ya nazi kwenye nyayo na kumsomea matokeo ya ligi kwenye simu, timu kwa timu, mpaka za daraja la chini ambazo baba mdogo mwenyewe hajawahi kuzifuatilia.

Tangu siku ile nimesoma sana hili jambo maana nilitaka kujua nani kati yao alikuwa sahihi, na nimegundua kwamba mabishano yale ya koridoni ndo haya haya wanabishana wanasayansi wakubwa duniani. Kuna nadharia nyingi ila kambi ninazoona mtu wa kawaida inabidi achague kati yake ni tatu, na mi nimezipa majina yangu ili zikae kichwani: mbiu, mkeka na mwili. Na kabla sijaenda mbele tuelewane, nikisema fahamu simaanishi akili wala kumbukumbu, namaanisha ile tunayosema "amepoteza fahamu" au "amezinduka", yaani mle ndani kuna mtu, kuna anayeumia ukibana ukucha.

Mbiu

Hii ilianza na Bernard Baars mwaka 1988, halafu Stanislas Dehaene na Jean-Pierre Changeux kule Paris wakaijenga mpaka ikawa kitu cha kupimika. Wanasema ubongo umejaa mafundi kibao, kila mmoja na kazi yake, huyu rangi, huyu sura za watu, huyu sauti, na wengi wao wanafanya kazi kimya kimya wewe hujui lolote. Kitu kinaingia kwenye fahamu pale tu kinapopigiwa mbiu, yaani taarifa moja inatangazwa ubongo mzima, hasa kwa msaada wa sehemu za mbele, kila fundi anaisikia na anaweza kuitumia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kwa hawa jamaa lile jambo ndo fahamu yenyewe.

Ushahidi wao ni mzuri kwa kweli. Unamwonyesha mtu neno kwenye skrini kwa muda mfupi sana, kama milisekunde 30 hivi, unalibana katikati ya michoro mingine, mtu anaapa hajaona kitu. Ukiangalia ubongo unakuta sehemu ya kuona imelishughulikia lile neno vizuri tu, ila taarifa imeishia palepale mlangoni. Ukilegeza kidogo mpaka mtu aseme nimeliona, hapo kwenye milisekunde 300 hivi ubongo unawaka mbele na nyuma kwa pamoja kama moto umeshika nyasi kavu.

Angalia maana yake. Kama fahamu ni kazi ya kutangaza, basi cha muhimu ni ile kazi, hata kama anayeifanya si nyama. Hilo ni wazo la zamani, mwanafalsafa Hilary Putnam alilitetea miaka ya 1960, kwamba hali za akili zinafanana na hatua za programu na zinaweza kukaa kwenye mwili wowote unaoweza kuziendesha. Hapa ndo mdogo wangu alikuwa amesimama bila kujua.

Mkeka

Giulio Tononi, Mtaliano anayefanya kazi chuo kikuu cha Wisconsin, alikuja na njia yake mwaka 2004. Yeye anaanzia kwenye hisia yenyewe: ukiwa macho unaona chumba, unasikia feni, mgongo unakuuma, na vyote vinakuja kama kitu kimoja, huwezi kuvigawa ukabaki na nusu fahamu ya kulia na nusu ya kushoto. Kwa hiyo anataka kitu chenye fahamu kiwe kimesukwa hivyo hivyo. Chukua ukindu, una miaa elfu moja imelala kwenye rundo, hilo ni rundo. Isuke ikawa mkeka na sasa ukivuta uzi mmoja kona hii kona ile inajikunja. Kiasi cha huko kusukana amekipa jina la herufi ya Kigiriki, fai, na anasema fai ndo kipimo cha fahamu.

Kitu kilichonifanya niheshimu hii kambi ni serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni. Ubongo wote una seli za neva kama bilioni 86, na bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye serebelamu, zilihesabiwa na timu ya Suzana Herculano-Houzel huko Brazil mwaka 2009. Yaani wingi wa seli uko kule! Ila kuna mwanamke wa miaka 24 huko China, taarifa yake ilitoka 2014, aligundulika amezaliwa bila serebelamu kabisa, alichelewa kutembea, alichelewa kuongea, anayumba kidogo, ila yupo, ameolewa na ana mtoto. Kwa nini seli bilioni 69 zisilete fahamu? Kwa sababu, wanasema watu wa mkeka, zimepangwa kama miaa kwenye rundo, vikundi vidogo vidogo kila kimoja na kazi yake, hazirudishiani habari. Kama fahamu ingekuwa ni wingi wa hesabu tu, serebelamu ingekuwa mfalme.

Ila mkeka una kona inayochoma. Mwaka 2014 Scott Aaronson, mtu wa hesabu za kompyuta, alionyesha kwamba kwa fomula zao kifaa cha kijinga kabisa, wavu wa geti rahisi za umeme zilizopangwa vizuri, kinaweza kuwa na fai kubwa kuliko ya binadamu. Tononi hakukimbia, alikubali kwamba ndiyo, wavu huo una fahamu. Mi hapo nashindwa kumeza. Na Septemba 2023 wasomi 124 waliweka saini kwenye barua wakiiita nadharia hii sayansi ya uongo, jambo ambalo naona walizidisha, maana kitu kinachotoa utabiri unaoweza kupimwa ukashindwa sio uongo hata kama kimekosea.

Mwili

Hii nitaipita haraka kwa sababu bado haina kipimo cha kukupeleka nacho hospitali. Mwanafalsafa John Searle mwaka 1980 alisema mashine inaweza kufuata kanuni za lugha mpaka ikakujibu bila makosa na isielewe hata neno, na mfano wake ninaoupenda ni kwamba mvua ya ndani ya kompyuta hailowanishi mtu. Siku hizi Anil Seth wa chuo kikuu cha Sussex anaisukuma mbele zaidi: kazi ya kwanza ya ubongo ni kuuweka mwili hai, mapigo ya moyo, joto, sukari, na hisia zinaanzia huko kwenye kulinda uhai. Asiye na cha kupoteza hana cha kuhisi.

Sasa ziweke ubavu kwa ubavu

Kitu cha kwanza, zote tatu zinamkatalia mdogo wangu kwenye neno moja: kuzima. Seva ikizima umeme haupiti, data imelala kwenye diski inasubiri. Ubongo wa baba mdogo haukuzima hata sekunde, ungezima asingekuwepo leo. Hata wewe usiku kwenye usingizi mzito seli zako zinaendelea kurusha umeme vizuri tu, kinachokatika ni mazungumzo kati ya sehemu na sehemu. Mbiu haifiki, au mkeka umefumuka, sema unavyotaka. Na jeraha dogo sana kwenye shina la ubongo linaweza kumlaza mtu koma wakati sehemu za juu zote ni nzima, kwa sababu pale ndo kuna swichi ya kuziamsha.

Kwa mgonjwa asiyejibu, swali ni moja tu, nadharia inanipa njia gani ya kujua kama yupo? Njia inayoendana na mbiu ni kumpa kazi. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake kule Cambridge walimweka kwenye skana mwanamke wa miaka 23, alipata ajali ya barabarani Julai 2005, miezi mitano yote alihesabiwa hana fahamu, macho yanafumbuka lakini hayamtazami mtu. Wakamwambia, fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mijongeo ikawaka. Wakamwambia, fikiria unatembea vyumbani kwenu. Ikawaka nyingine, ile ya kukumbuka mahali, sawasawa na watu wazima wenye afya. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka simu chini. Mwaka 2010 wakaenda mbali zaidi, kati ya wagonjwa 54 watano waliweza kuufanya ubongo uwake kwa hiari, na mmoja alijibu maswali, tenisi ni ndiyo, nyumbani ni hapana. Na 2024 ikatoka kazi kubwa ya vituo kadhaa, wagonjwa 241 ambao kitandani hawaonyeshi kufuata maelekezo yoyote, 60 kati yao walifuata maelekezo ndani ya kichwa. Robo!

Ila hapo hapo ndo udhaifu. Hao 181 waliobaki tuwaambieje? Mtu anaweza kuwa hasikii vizuri, lugha imeumia, amechoka, anapotea na kurudi, akawa yupo na asiweze kushika maelekezo kwa nusu dakika. Mbiu inataka ajibu. Mkeka ndo ukaniokoa hapa, maana kifaa kilichotoka kwenye mawazo yake hakimuulizi mgonjwa chochote. Marcello Massimini wa Milan na wenzake wanaweka sumaku juu ya fuvu, inapiga pigo moja la umeme ndani ya ubongo, halafu kofia ya waya inasikiliza mwangwi. Kwa aliye macho mwangwi unazunguka huku na kule kwa milisekunde kama 300, una mambo mengi. Kwa aliye usingizi mzito unapiga dum moja palepale unakufa. Halafu wanafanya kitu ambacho mdogo wangu alikielewa kuliko mimi: wanachukua ule mwangwi wanauzipu kama faili. Mwangwi rahisi unaminywa mpaka unakuwa kadogo, mwangwi uliosukwa hauminyiki. Namba inayotoka ndo kipimo, walikitangaza mwaka 2013. Niseme ukweli, kipimo hiki sio fai yenyewe, fai ya ubongo mzima haihesabiki kwa kompyuta yoyote iliyopo, na hata mtu wa mbiu anaweza kukitumia bila kubadili kambi. Hospitali tuliyolala sisi haikuwa nacho.

Kwa dawa za usingizi tofauti inaonekana wazi zaidi na hii inawahusu watu wengi huku kwetu, kwa sababu ketamini ni dawa inayotumika sana kwenye upasuaji sehemu zisizo na mashine nyingi, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985. Mpe mtu propofoli, haitikii, mwangwi unakuwa mfupi na rahisi, akiamka hana cha kusimulia. Mpe ketamini ya kutosha, naye haitikii, ukimwita kimya, ukimkata kimya, ila mwangwi wake unabaki mpana kama wa aliye macho, na akizinduka anakuhadithia ndoto ndefu, alikuwa anaruka, alikuwa kwenye mwanga, wengine wanalia. Kwa kalamu ya nesi hawa wawili ni namba zinazokaribiana. Ndani ni dunia mbili.

Na kumbukumbu isikudanganye. Tangu 1977 kuna mbinu aliyoianzisha Tunstall, unafunga mkanda kwenye mkono mmoja kabla dawa ya kulegeza misuli haijafika, ule mkono unabaki huru, halafu katikati ya usingizi wa dawa unamwambia mgonjwa bana mkono wangu. Wapo wanaobana, na baadaye wanasema hawakumbuki kitu. Baba mdogo hakumbuki hata sekunde moja ya zile siku 11. Mdogo wangu alipoambiwa akasema unaona sasa, nilikwambia. Hapo hajaona kitu, kukosa kumbukumbu kunathibitisha tu kwamba hakukuwa na anayeandika, hakusemi kama hakukuwa na anayehisi.

Kwa mashine, zile zinazoongea na wewe kwenye simu, hapa kambi zinaachana kabisa na ndo unapaswa kuwa makini unachagua ipi. Mbiu inaacha mlango wazi: mashine ikijengwa na mbiu ya kweli ndani yake, hakuna sababu ya kuikatalia. Mwaka 2023 watafiti 19, Patrick Butlin na Robert Long wakiongoza, walikaa wakatengeneza orodha ya dalili kutoka kwenye nadharia kadhaa ikiwemo hii, wakapitisha programu za wakati ule, wakaona hakuna iliyofuzu ila hakuna ukuta wa kiufundi unaozuia kujenga itakayofuzu. Mkeka unasema hapana moja kwa moja kwa kompyuta za kawaida, hata ikiiga ubongo wangu seli kwa seli, kwa sababu kinachohesabiwa ni chuma chenyewe kilivyounganishwa, na chipu za kawaida zinapokezana habari kidogo kidogo, miaa kwenye rundo. Mwili nao unasema hapana, haina njaa.

Anayetetea kambi ya mbiu, kwamba kinachohesabiwa ni kazi, ana hoja moja nzito sana, ya mwanafalsafa David Chalmers mwaka 1995. Fikiria tunatoa seli moja ya ubongo wako tunaweka chipu inayofanya kazi ile ile, halafu ya pili, ya mia, ya bilioni. Unaendelea kuongea vile vile, kusema nyekundu ni nyekundu. Fahamu yako inafifia lini? Ikififia taratibu na wewe mdomo unaendelea kusema naona vizuri, hiyo ni ajabu kubwa. Nimekaa nayo hii hoja usiku mwingi na sijapata pa kuibomolea.

Kuhusu nani anashinda uwanjani, Chalmers huyo huyo mwaka 1998 aliwekeana dau la kreti ya mvinyo na Christof Koch, mtu wa mkeka, Koch akisema ndani ya miaka 25 tutakuwa tumejua fahamu inakaa wapi kwenye ubongo. Juni 2023 New York Koch alikubali ameshindwa, akalipa. Siku zile zile yakatangazwa matokeo ya mechi rasmi kati ya mbiu na mkeka, kila kambi iliandika utabiri wake mapema, watu 256 wakapimwa wakiangalia sura na vitu, na kazi ikachapishwa kamili 2025. Mbiu ilitabiri ubongo wa mbele utawaka tena picha ikiondoka, haukuwaka inavyotakiwa. Mkeka ulitabiri sehemu za nyuma zitabaki zimeshikana muda wote picha ikiwepo, haikuonekana. Wote walifungwa goli moja moja.

Kwa hiyo ukinibana nichague, sichagui moja kwa kazi zote. Ukitaka kuelewa kwa nini umesoma ukurasa mzima bila kuuona, au umeendesha gari mpaka nyumbani huku mawazo yako mbali, shika mbiu, hakuna inayoeleza vizuri kama hiyo. Ukiwa na mashine inayokuambia ina huzuni, mi nasimama na mkeka na mwili kwa sasa huku nikiichunga hoja ya Chalmers, na maneno yake peke yake siyahesabu kama ushahidi, maana imefundishwa kwa maneno ya watu wenye huzuni.

Ukiwa kitandani kwa mgonjwa, shika mkeka, yaani kimya chake usikihesabu kama jibu. Muulize nesi, "Samahani dada, hii namba mmeandika masaa mangapi baada ya dawa ya kutuliza?" kwa sababu dawa ikiwa bado iko kwenye damu ile namba inaipima dawa. Mwite kwa jina analoitwa nyumbani, lile la kwenye faili huenda hata hajalizoea. Mwombe kitu kimoja kidogo, abane mkono, aangalie juu, halafu mpe nusu dakika nzima usiongee. Asubuhi hajajibu, jaribu tena jioni, na kesho, maana watu hawa wanapotea na kurudi. Na kama mna kitu cha kubishana, tokeni koridoni.